Je, Akili Peke Yake Yatosha?

Mwaka 1870 Mtaguso wa Vatikano ulifundisha ya kuwa mtu aweza kumjua Mungu kwa nuru ya akili. Mwaka 1970 John Mbiti wa Kenya alitoa kitabu cha mawazo ya makabila zaidi ya 200 ya Afrika juu ya Mungu. Je, kitabu hicho ni ushahidi wa fundisho lile? Sisi twaona sivyo. Msukuma wa Igoma amwitaye Mungu Liwelelo alilipokea jina hilo kwa wazee wake. Na kupokea si kuthibitisha. Naye Okot p'Bitek wa Uganda alimlaumu Mbiti na wenzake kwa kuivika miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani.

Lakini kitabu kina faida: chaonyesha ya kuwa swali ni la watu wote. Mtoto aonapo majabali ya Mwanza yaliyopandana huuliza, Nani aliyapanga? Tumwambie kweli: mvua na jua viliyachonga. Hata hivyo akili yake haitulii, bali yauliza kwa nini pana jabali lo lote. Basi, walimu wenzetu, tusimfunge kinywa kwa majina ya mababu. Hapo ndipo akili ianzapo kazi yake. Kama itafika mwisho wa safari peke yake, kitabu hiki hakikuonyesha.