Udongo Usiopita Tanuri

Katunguru ni kijiji cha wavuvi nchini Uganda, kwenye mfereji wa Kazinga, ulioko kati ya Ziwa George na Ziwa Edward, na pande zote kimezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Anayetaka kuni za kuchomea matofali hawezi kuingia porini na shoka. Ikweta iko jirani tu, na chini ya mabati joto halikaliki ifikapo saa sita. Kwa hiyo nikiulizwa nani wa kujenga nyumba ya baridi isiyokula umeme wala kuni, namtafuta fundi anayeujua udongo.

Vyeti vipo. Kile cha EDGE, kilichoanzishwa na IFC ya kundi la Benki ya Dunia, hutaka jengo lipunguze walau asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vyenyewe. Kwenye hilo la tatu, tofali lisilochomwa linaanza mbele. Lakini EDGE hulithibitisha jengo, haimthibitishi fundi. Kwa fundi, sheria ya Uganda ya mafunzo ya ufundi ya 2008 ilifungua njia ya kutahiniwa kwa vitendo hata aliyejifunzia kazini. Akikuonyesha karatasi hiyo, iheshimu, kisha uombe kumtazama akiwa kazini.

Huanza kwa kuondoa udongo mweusi wa juu wenye mizizi, mpaka afikie moramu mwekundu. Kabla ya kufungua mfuko wa saruji, hujaza udongo uliolowa katika kisanduku chembamba cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, akauacha ukauke, akapima ulivyosinyaa. Ukisinyaa sana, udongo wa mfinyanzi umezidi, na itabidi kuongeza mchanga au saruji. Saruji yenyewe huwa kati ya asilimia 5 na 10 hivi ya mchanganyiko, na hununuliwa karibu: kiwanda cha Hima kiko wilaya ya Kasese.

Kisha maji, na hapa ndipo ninapopenda kusimama nitazame. Fundi huminya donge kiganjani, hunyoosha mkono usawa wa bega, huliachia. Likibaki bonge, maji yamezidi. Likitawanyika kama unga, yamepungua. Likipasuka vipande vinne au vitano, humwambia kijana wa mashine, “Haya, jaza.” Baada ya toroli chache hurudia tena, maana jua nalo linakunywa.

Mashine ya mkono ya namna hii, ya kushindilia matofali, ilianzia Colombia miaka ya 1950. Huku kwetu Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliiendeleza ikatoa tofali linalofungamana na mwenzake, na pia lile lililopinda la kujengea matangi ya maji.

Tofali likitoka bado ni bichi. Hupangwa kivulini, hufunikwa, hunyunyiziwa maji kila siku kwa wiki mbili hadi nne. Mwenye nyumba ana haraka, vibarua wanataka kazi iishe, na fundi anakataa tofali liguswe. Mimi humpima kwa kukataa huko kuliko kwa jambo lolote jingine.

Ukutani, mstari wa kwanza hulazwa juu ya mota ya saruji kwa uzi na pima maji, taratibu mno, kwa sababu upogo wa chini hupanda na ukuta wote. Pande ndefu huelekezwa kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipate ukuta mfupi tu wa kupiga. Paa hutokeza nje, na matundu ya hewa hukaa juu, chini ya dari. Halafu mkanda wa zege wenye nondo, kuzunguka nyumba nzima. Huu hauna mjadala chini ya Rwenzori: tetemeko la Toro la Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100.

Na ikiwa ameujaribu udongo wa kiwanja chako akaukataa, akataka moramu wa kwingine, usimbembeleze. Lipia lori.