Mwewe wa Feri na Vipanga wa Mtaani

Wapiga picha wengi wa Dar es Salaam wakitaka ndege mwindaji hufunga safari ya Mikumi au Serengeti. Mimi namsifu yule anayewatazama ndege hawa pale pale anapoishi, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka anaujua mwenendo wao. Kamera kwake ni msaidizi wa jicho.

Darasa la kwanza ni mwewe. Mtafute soko la samaki la Feri, asubuhi boti zikishusha. Mkia wake wenye panda hautulii, anaupinda huku na huku kama nahodha anayecheza na usukani. Ukishaujua mkia huo, utajua ataelekea wapi kabla mwili haujageuka, na kidole chako kitawahi. Atashuka, akwapue utumbo wa samaki kwa kucha, kisha ale akiwa bado hewani, kichwa kimeinama kuufuata mguu. Utazame na mdomo wake. Mwewe wa Afrika aliyekomaa ana mdomo wa njano mtupu, ilhali mgeni aliyekimbia baridi ya Ulaya au Asia ana mdomo mweusi. Lakini kinda wa huku naye huanza na mdomo mweusi, ndiyo maana mtazamaji makini hatoi hukumu kwa alama moja.

Darasa la pili ni la masikio. Kunguru wa India, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na leo wametapakaa pwani yote, hawamvumilii ndege mwindaji. Wakiuzingira mti mmoja kwa makelele, usiupite. Huenda yumo kipanga mkubwa wa kijivu, mwenye uso mtupu usio na manyoya. Huyu huja kwenye minazi ambako minana wametundika viota vyao, akaning'inia huku akipigapiga mabawa, kisha akatumbukiza mguu ndani ya kiota na kuvuta makinda. Anaweza kazi hiyo kwa sababu kiungo cha mguu wake hukunjika mbele na nyuma. Akipandwa na hamasa, uso wake wa njano huiva ukawa mwekundu, na picha nzuri huweza kuionyesha rangi hiyo ikibadilika.

Mwanga nao una adabu yake. Mbingu nyeupe ya pwani huidanganya kamera, ndege akatoka kivuli cheusi, kwa hiyo mwenye ujuzi huongeza mwanga makusudi ili michirizi ya kifua ionekane. Kwa ndege anayeruka, kasi ya 1/2000 ya sekunde huligandisha hata bawa lenye haraka. Saa moja hadi saa tatu asubuhi jua liko chini na linaangaza hadi kwapani mwa bawa. Baadaye ardhi hupata moto, hewa hupanda, na ndege hupanda nayo mpaka wakawa nukta.

Mvua za vuli huleta wageni wengine. Kumbikumbi wakitoka ardhini, angalia juu, kwani Novemba na Desemba hupita vipanga wa Amur, ndege wasiofikia gramu 200, waliozaliwa Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China. Wameivuka Bahari ya Hindi na wanaelekea kusini mwa Afrika.

Kazi hii ina mwiko mmoja mkubwa, nao ni kiota. Mzazi akishtuliwa akaruka, mayai hubaki juani na kunguru hawachelewi. Mpiga picha mwenye heshima hukaa mbali, na picha asiyoweza kuipata kwa umbali huo huiacha.

Kinachonifanya niipende zaidi kazi hii ni kwamba inazaa ushahidi. Picha yenye tarehe na mahali huonyesha nani alikuwa akiishi hapa, na Mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania umejengwa juu ya kumbukumbu za namna hiyo. Mnazi wenye viota vya minana ukikatwa kupisha ghorofa, kipanga hukosa mawindo na huhama. Atakayeweza kulisema hilo kwa uhakika ni jirani aliyekuwa akiutazama mnazi huo msimu baada ya msimu. Mbuga zina walinzi na watafiti wake, lakini mtaa unatutegemea sisi tunaoishi ndani yake.