Bwana Msa na Fundisho la Subira

Wako wasemao kwamba hadithi za upelelezi huharibu akili za vijana. Mimi nasema sivyo, na shahidi wangu ni kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, "Mzimu wa Watu wa Kale", kilichochapishwa mwaka 1960.

Mtu akutwa ameuawa mahali pa mizimu, na jina lenyewe la kitabu lamvuta msomaji awashuku wafu. Bwana Msa, kiko mdomoni, hana haraka: huuliza, hutazama, hupima, ndipo asemapo. Siitoboi siri. Ni kweli kwamba mtungaji amemwazima Sherlock Holmes wa Waingereza kiko chake na maarifa yake. Lakini mazungumzo na mizaha ni ya Unguja hasa.

Siku moja nilimkaripia mwanafunzi mbele ya wenzake kwa wizi wa kalamu. Kesho yake nikaikuta ndani ya daftari langu mwenyewe. Laiti ningalimsoma Bwana Msa mapema!

Kisome kitabu hiki, kisha ufuatishe "Kisima cha Giningi" cha mwaka 1968. Na kila ukurasa ujiulize: hili nimeliona, au nimelidhani tu?