Namna ya Kuushusha Mti Bila ya Kuuangusha

Yeyote akaaye Kolwezi, tangu upande wa Kingamyambo hadi Musonoi, katika mji huu ulioanzishwa na kampuni ya madini ya Union Minière mwaka 1937, anajua kwamba mti wa uani una neema zake na hatari zake: mwembe uliopandwa kwa ajili ya kivuli umekwisha kutandaa juu ya mabati ya majirani, na mkaratusi uliokuwa kama fimbo umezipita nyaya za umeme. Mti wa namna hiyo hauangushwi, kwa kuwa hapana uwanja wa kuuangushia. Shurti ushushwe kipande baada ya kipande, kutoka kileleni hadi shinani, na mtu aliyening'inia kwa kamba ndani ya mti uleule anaoukata. Madhumuni ya uchambuzi huu ni kuonyesha kwamba ustadi wa mtu huyo umo katika mambo mawili: kuujua uzito kabla haujaachiliwa, na kuipa kamba nafasi ya kukimbia.

Kazi huanza ardhini. Nchi hii ya Lualaba ina vilima ambavyo juu yake hapaoti mti mkubwa, ijapokuwa misitu ya miombo imevizunguka pande zote, kwa sababu shaba iliyojaa udongoni ni sumu kwa mizizi. Na watafuta madini waliitumia dalili hiyo kuyatambua mawe ya shaba. Basi mpandaji mwenye hadhari hauamini mti uliomea kandokando ya mabaki ya madini, kama yale yaliyorundikwa Kingamyambo, mpaka ameifukua na kuichunguza mizizi yake. Adui wa pili ni mchwa, ambao vichuguu vyao vikubwa ni alama ya ardhi ya Katanga: hula moyo wa mti na kuliacha ganda zima, hata shina likaonekana madhubuti machoni, na hali ndani ni tupu. Kwa hiyo shina hugongwa kwa nyundo pande zote, na likitoa mlio wa uwazi, mti huo haupandwi.

Mkwezi wa minazi wa Unguja hupanda kwa kamba fupi aliyoitia miguuni, na mkata ngazi, yaani matunda ya michikichi, wa Kongo hujizungushia kitanzi kipana kinachouunganisha mwili wake na shina; wote wawili huutegemea mti usio na matawi njiani. Mwembe haukubali taratibu hiyo. Hapo uzi mwembamba wenye kifuko kizito hurushwa juu ya panda thabiti, nao huivuta kamba nene. Mpandaji hukaa ndani ya mikanda ya kiuno na mapaja, akafunga kwenye kamba hiyo fundo la msuguano, lililo jamaa ya fundo alilolieleza mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, mwaka 1931: likisukumwa kwa mkono huteleza, likivutwa na uzito huuma. Fauka ya hayo, kabla ya kuuwasha msumeno hujifunga kwa kamba ya pili, maana meno yanayokata tawi kwa nukta chache huikata kamba kwa wepesi zaidi.

Sasa tufike kwenye kiini. Chukua gogo la mkaratusi mbichi, kipenyo chake sentimita 40 na urefu wake mita 2. Ujazo wake ni robo ya mita ya ujazo, na kwa kuwa mti mbichi wa jinsi hii hukaribia uzito wa maji, gogo hilo lina kilo 250 hivi. Kapi hufungwa shinani, chini ya mahali pa kukatia. Kamba hutoka kwenye gogo, hupita kapini, ikashuka hadi kwa msaidizi aliye ardhini. Gogo likikatwa hupinduka na kuanguka kabla kamba haijakaza. Tuseme mita 2. Ikiwa msaidizi ameifunga kamba kabisa, nayo ikavutika nusu mita tu ndipo gogo lisimame, mvuto wa kamba utakuwa wastani wa kilo 1,250, yaani mara tano ya uzito wa gogo. Na kwa kuwa kapi hubeba pande mbili za kamba, shina hupokea kiasi cha kilo 2,500, na kwenye shina hilohilo ndiko alikofungwa mpandaji. Lakini kamba ikiachiwa kukimbia huku ikizuiliwa taratibu, hata gogo likasimama baada ya mita 2 nyingine, mvuto hushuka hadi kilo 500, na mzigo wa kapi hadi kilo 1,000. Gogo ni lilelile na kamba ni ileile. Kilichozidi ni mita moja na nusu za subira.

Je, mtu mmoja atazuiaje kilo 500? Huizungusha kamba kwenye shina, kama baharia aizungushavyo kwenye nguzo ya gati. Mwanahisabati Leonhard Euler alibainisha katika karne ya 18 kwamba nguvu ya msuguano huo huzidishwa kwa kila mzunguko. Kwa msuguano wa kadiri, mzunguko mmoja hupunguza mvuto karibu mara tano, na miwili karibu mara 23. Hivyo kilo 500 humfikia msaidizi zikiwa kama 22. Akizidisha mizunguko, kamba hukwama na balaa la kwanza hurudi. Akipunguza, gogo humponyoka. Hesabu hiyo shurti ikamilike kabla msumeno haujagusa mti, na ikitiliwa shaka, gogo likatwe kwa mita 1 badala ya 2, kwani uzito hupungua nusu na kimo cha kuanguka nacho hupungua.

Kwa hiyo nawasihi wenye nyumba: mnapopatana bei ya kuushusha mti, msiulize kwanza kazi itakwisha saa ngapi. Ulizeni kapi litafungwa wapi, gogo la kwanza litakuwa na kilo ngapi, na nani atakayeishika kamba chini. Asiyeweza kuyajibu maswali hayo matatu asikabidhiwe mti.