Hasara ya Utapeli wa Msambazaji katika Kodi ya Aliyejiajiri Marekani

Sheria ya kodi ya mapato ya Marekani, katika kifungu cha 165, inamruhusu mtu aliyejiajiri kupunguza katika mapato yake hasara iliyompata katika biashara, ikiwemo ile inayotokana na utapeli wa msambazaji. Hata hivyo, anayeiandika hasara hiyo katika Jedwali C, yaani fomu ya mapato na matumizi ya aliyejiajiri, kana kwamba ni matumizi ya kawaida kama pango au umeme, mara nyingi huwa ameiweka mahali pasipo pake.

Linaloamuliwa kwanza ni kama kilichotendeka ni wizi. Katika kesi ya Edwards dhidi ya Bromberg ya mwaka 1956, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilieleza kuwa wizi, kwa maana ya kodi, unajumuisha pia kujipatia fedha za mtu kwa ulaghai, mradi tendo hilo liwe jinai kwa sheria ya jimbo husika. Si lazima tapeli awe amehukumiwa, lakini nia yake ya kudanganya ni lazima ithibitike, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu msambazaji aliyepokea malipo ya awali kwa nia njema kisha akafilisika hakuiba chochote. Anadaiwa tu, na hasara ya aliyemlipa huangaliwa chini ya kifungu cha 166 kinachohusu madeni yasiyolipika.

Tuseme muuza simu alilipa dola 8,000 Desemba 2023, na Machi 2024 akagundua kuwa ankara ilighushiwa na kampuni yenyewe haipo. Kwa kuwa simu hazikufika, kilichoibwa ni fedha wala si bidhaa, hivyo hasara hujazwa katika sehemu B ya fomu namba 4684, ikapita fomu namba 4797 na kuingia kwenye ritani bila kugusa Jedwali C. Kwa njia hiyo kodi ya mapato hupungua, lakini kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, inayochangia hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, hubaki palepale, kwani hukokotolewa kwa asilimia 92.35 ya faida ya Jedwali C. Lau simu zingefika zikiwa mbovu zisizouzika, gharama yake ingeingia katika gharama ya bidhaa zilizouzwa, ndani ya Jedwali C, na kodi ya kujiajiri ingepungua kwa takriban dola 1,130, iwapo faida yake haijavuka kikomo cha hifadhi ya jamii. Tofauti hiyo haina haki: aliyepelekewa takataka hupata nafuu kubwa kuliko asiyepelekewa kitu, ilhali wote wametapeliwa kiasi kilekile.

Kuhusu mwaka, sheria hutazama siku ya kugundua, kwa hiyo hasara hii ni ya 2024, si ya 2023. Hata hivyo, ikiwa benki au bima ina uwezekano wa kweli wa kumrudishia, sehemu hiyo husubiri hadi madai yaamuliwe, jambo linalomuumiza mwenye mtaji mdogo, ingawa huzuia mtu kupunguziwa kodi kwa fedha atakazorudishiwa. Kwa sababu hiyo ankara, hati za benki, ripoti ya polisi na barua za madai zinapaswa kutunzwa pamoja. Faida aliyoitarajia katika simu zile haihesabiwi kamwe; kinachopunguzwa ni dola 8,000 alizolipa, baada ya kutoa fidia yoyote aliyopokea.