Mama Mmoja, Watunzi Watatu

Mwaka 1888 Hermenegildo Flores alitunga shairi la Kitagalog juu ya sitiari moja iliyokuwa imeshazoeleka: Hispania ni mama, Ufilipino ni bintiye, tena kitindamimba.

Umbo lake ni la kanuni. Ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani 12, na pumzi inatuliwa baada ya mizani ya sita. Kina cha mwisho ni kimoja ubeti mzima. Sikio letu, lililozoea silabi nzima ilingane na mwenzake, litadhani vina vimelegea: neno linaloishia k linakubaliwa na linaloishia g au s, mradi irabu ni ileile. Lakini l, m, n na jamaa zake wana safu yao, na wa safu moja haruhusiwi kuingia ya pili.

Ndani ya kipimo hicho Flores anamfanya binti aseme kwa adabu. Hamlaumu mama, anamuuliza tu mbona hamtazami mwanawe. Ndipo anapopanga mizigo mmoja mmoja: kodi, ada za kanisani, ubabe wa mapadri wa mashirika.

Mwaka 1889 Marcelo H. del Pilar alijibu kwa sauti ya mama. Kazi hii ni ngumu zaidi, maana mama lazima aendelee kupendeka. Anasikitika, anamwita mwanawe kwa huba, kisha anakiri kwamba amezeeka na nguvu hana. Msomaji anamhurumia, na papo hapo anajua kuwa msaada hauji.

Wa tatu ni Andrés Bonifacio, kijana wa Tondo, Manila, aliyelelewa na umaskini na kuuza bakora na mapepeo ya karatasi. Kipimo hakukigusa. Mama naye hakumtupa. Anamwita tangu mshororo wa kwanza. Anampa habari kwamba mashariki jua limechomoza, na jua hilo ni hasira iliyofichwa miaka mia tatu.

Katika ubeti wa pili anashika kitu cha nyumbani kabisa: gogo la kuegemeza nyumba isiangushwe na tufani. Mama hakuwawekea wanawe hata hilo moja. Tazama pia nafsi: binti wa Flores alisema “mimi”, hapa wanasema “sisi”. Ubeti unafungwa kwa kumvua Hispania umama.

Sasa linakuja pigo ninalolipenda kuliko yote. Ameshamvua, lakini ubeti wa tatu unamrudishia jina lile na kumsifu: miongoni mwa akina mama hana mfano! Anavyodekeza wanawe ni kwa dhiki. Wakimwangukia miguuni, dawa yake ni maumivu. Sifa imebaki na umbo la sifa, kila neno mahali pake, na inachoma.

Mbele zinakuja kamba, mateke na vitako vya bunduki, vikitajwa kwa majina yake bila kupambwa.