Ufito Unaoleta Habari

Mjuzi wa vifaa vya kale vya uvuvi akikabidhiwa ufito wa mwanzi, hatua yake ya kwanza ni kuutenganisha. Haupungi hewani wala hausifii rangi. Hushika vipande viwili, kimoja kila upande wa kiungio cha shaba, akavuta moja kwa moja bila kusokota, huku ametega sikio. Kiungio kizima hutoa mlio mdogo, po! kama kizibo kinachotoka kwenye chupa, kwa kuwa vipande vyake, dume na jike, vimekazana hata hewa haina pa kupita. Kikitoka kimyakimya, kimelika. Kikigoma, huenda kina uchafu tu: wazee hukifuta, kisha hukisugua ubavuni mwa pua kipate mafuta. Hakuna duka linalouza grisi nyepesi kuliko hiyo.

Uvuvi wenyewe ni wa Uingereza. Huko samaki wa maji baridi waligawanywa zamani kama abiria wa meli: salmoni na trauti daraja la kwanza, na waliobaki wote, karpi, tenchi, rochi na perchi, daraja la chini. Hao wa chini ndio wanaomweka mtu bwawani kutwa nzima na chupa yake ya chai, na akishawapata huwarudisha majini wakiwa hai, habari ambayo mvuvi wa Kilwa angeomba arudiwe mara ya pili. Mitoni msimu hufungwa tangu 15 Machi hadi 15 Juni, kwa hiyo alfajiri ya 16 Juni hungojwa kama mwandamo wa mwezi.

Ufito bora haukuwa mwanzi mzima uliokatwa porini. Ni vipande sita vya pembe tatu, vimerandwa kutoka mianzi ya Tonkin ya kusini mwa China na kugundishwa hata vikawa fimbo moja yenye pande sita. Nyuzi zenye nguvu zimesongamana karibu na ganda, ndiyo maana fundi stadi huranda upande wa ndani na kuliacha ganda lilivyo. Vifundo navyo hupishanishwa, visije vikakutana viwili bega kwa bega na kuzaa udhaifu mahali pamoja.

Mnunuzi huuelekeza ufito dirishani na kuuchungulia kutoka kishikio hadi ncha, kama seremala anavyochungulia ubao. Kupinda kidogo ni alama ya umri tu. Kujipinda kama kiwiko ni jambo jingine. Kisha hupitisha ukucha kwenye mistari ya gundi, akaukunja taratibu na kusikiliza: mlio wa tik, tik ni gundi iliyoachia, na vanishi mpya inayong'aa haitaiponya. Vanishi mpya, kwa kweli, ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi, kwani hufunika mengi. Nyuzi za hariri zilizofifia, zinazoshika pete za mshipi bila kulegea, zina ushahidi mzuri kuliko mng'aro.

Wanaodhani vitu hivi ni mapambo ya ukutani husahau bwawa la Redmire, Herefordshire. Hapo Septemba 1952 mvuvi Richard Walker alimtoa karpi wa ratili 44, karibu kilo 20, kwa ufito aliousanifu mwenyewe. Mwaka 1980, wengi walipokwisha hamia fito za nyuzi za kioo na kaboni, Chris Yates alimtoa hapohapo wa ratili 51 na nusu, naye alishika ufito wa mwanzi.

Kwenye gurudumu la mshipi ndiko wengi hudanganyika. La kale halina gia. Ni ngoma tu inayozunguka kwenye ekseli yake, na breki ni kidole gumba. Kampuni ya Allcock ya Redditch, mji uliosifika kwa sindano na ndoana, ilitengeneza Aerial, lenye ngoma nyepesi ya spoku kama za baiskeli. Muuzaji huipiga ngoma kofi, ikazunguka mpaka mnunuzi akatabasamu. Huo ni mchezo wa sokoni. Ngoma nzito nayo huzunguka sana ikishaanza, kama mkokoteni kwenye mteremko. Kazi ni kuanza: chelezo chepesi kikichukuliwa na mkondo wa mto, kiweze kuvuta mshipi chenyewe bila kusukumwa na mkono. Kipimo cha haki ni kufunga chubwi ndogo kwenye mshipi na kuiacha ining'inie. Gurudumu zuri huiteremsha polepole. Baya husimama, likitikiswa huchomoka ghafla, kisha husimama tena.

Chelezo ni mwiba wa nungunungu, au uti wa unyoya wa tausi. Mwiba mwema umenyooka, hauna ufa, na kwenye ndoo ya maji husimama wima bila kuyumba. Uti wa tausi una kazi yake kwa tenchi, kwa mbinu aliyoipa umaarufu mvuvi Fred J. Taylor: hufungwa mguuni tu kwa kipande cha mpira, na chubwi moja hukaa karibu na ndoana, ikigusa tope. Tenchi huinamisha kichwa kuokota chambo, akiinuka hubeba chubwi pia, na chelezo, badala ya kuzama, huibuka na kulala ubavu juu ya maji. Anayengoja kizame ataendelea kungoja mpaka giza.

Masanduku ya kale mara nyingi huja na vikopo vya chubwi za risasi. Zibaki kuwa kumbukumbu: tangu 1987 zile za uzito wa kawaida zimepigwa marufuku Uingereza, kwa kuwa mabata-maji wakubwa weupe walizimeza na kufa kwa sumu.

Bado mfuko wa kitambaa unaobeba ufito. Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi huufungua mdomo na kunusa. Harufu ya vanishi na vumbi ni salama. Ukinuka ukungu, ufito ulirudishwa humo ukiwa umelowa, pengine miaka mingi, nao unastahili kuchunguliwa dirishani kwa mara nyingine, kuanzia chini ya kiungio.